WAZEE WETU WASIKALISHWE

Kila siku boti zitokazo Unguja huteremsha abiria katika bandari ya Dar es Salaam, hatua chache tu kutoka Posta. Wengi wao ni vijana wa biashara waendao Kariakoo. Lakini miongoni mwao hawakosekani wazee wa visiwani waliokuja kwa watoto wao, ama kwa ajili ya matibabu Muhimbili, ama kuishi moja kwa moja baada ya kustaafu. Mzee huyo akishakanyaga nchi kavu hupokewa kwa heshima zote. Hushikwa mkono, huchukuliwa kifurushi chake, hupakiwa kwenye gari na kupelekwa ghorofa ya nne katika nyumba ya mwanawe huko Kariakoo, ambako huonyeshwa kiti na kuambiwa, "Kaa, baba, upumzike." Kiti hicho ndicho tunachotaka kukizungumzia leo.

Sisi tunasema kwamba kiti hicho, ingawa kimetolewa kwa mapenzi, kinawadhuru wazee wetu. Hatusemi hivi kwa kuwabeza watoto wanaowatunza wazazi wao, maana kumtunza mzazi ni wajibu na ni sifa ya watu wetu wa Bara na wa Visiwani. Tunachosema ni kwamba mjini imejengeka desturi ya kumheshimu mzee kwa mambo mawili tu, kumkalisha na kumlisha. Na mambo hayo mawili yakikutana katika mwili uliozoea jembe, kasia au mwendo wa kwenda shamba na kurudi, huuchosha mwili huo upesi kuliko umri wenyewe.

Jambo hili si la kubahatisha. Katika miaka ya 1996 na 1997 wataalamu walipima kisukari kwa watu wazima wa Ilala, jirani kabisa na Kariakoo, na kwa watu wazima wa kijiji cha Shari, mkoani Kilimanjaro. Kule kijijini waliokuwa na ugonjwa huo hawakufika wawili katika kila mia moja, ilhali Ilala walikaribia sita, wake kwa waume. Nchi ni moja. Kilichotofautiana ni maisha. Baadaye, mwaka 2012, uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Bara ulionyesha kwamba kiasi cha watu tisa katika kila mia moja wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Na huko Zanzibar, uchunguzi wa mwaka 2011 ulikuta karibu mtu mzima mmoja katika kila watatu ana shinikizo la damu. Msomaji na autazame vizuri umri tulioutaja wa uchunguzi wa Bara. Uliishia miaka 64. Mzee wa miaka 70, ambaye ndiye hasa mwenye maradhi haya, hakuhesabiwa.

Inafaa ieleweke maradhi haya yanavyoingia, kwani wapo bado wanaoamini kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri, au kwamba hutokana na sukari ya chai peke yake. Chakula cha wanga, kiwe ni wali, ugali, mkate au muhogo, huishia kuwa sukari katika damu. Sukari hiyo haina budi kupata mahali pa kwenda, na ghala lake kubwa kuliko yote ni misuli. Mtu anapotembea, anapopanda ngazi au anapotwanga, misuli huifungua milango yake na kuivuta sukari, hata kama insulini itokayo kwenye kongosho ni chache. Mtu anapokaa kutwa, milango hiyo hubaki imefungwa. Tena kadiri umri unavyosonga misuli hupungua, hasa isipotumiwa, yaani ghala hupungua ukubwa wakati mavuno yanayoletwa ni yale yale au yamezidi. Kinachobaki bila mahali hugeuzwa mafuta ya kiunoni na tumboni, na mafuta hayo nayo huidhoofisha nguvu ya insulini. Ndipo hufuata presha, figo, macho, ganzi ya miguu na kiharusi.

Kwa hiyo mzee anapotolewa kijijini kwake Makunduchi, Micheweni au Mafia na kuwekwa ghorofani Kariakoo, hakubadilishiwa nyumba tu. Ameondolewa mwendo wa kwenda msikitini, wa kwenda pwani kutazama ngarawa, wa kwenda kuulizia hali ya jirani. Bibi naye ameondolewa mchi na kinu, ameondolewa mbuzi ya kukunia nazi. Kazi zake zote zinafanywa na msichana wa nyumbani na mashine ya umeme. Lifti ikiharibika, nazo huharibika, ataikaa wiki nzima bila ya kushuka. Halafu watu hushangaa kwamba Bibi amekuwa mnyonge, hacheki, hana hamu ya lolote, na husema ni utu uzima.

Hapo ndipo penye kosa kubwa zaidi la fikra, nalo ni kudhani kwamba mzee keshapitwa na wakati wa mazoezi. Ushahidi uliopo ni kinyume chake. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Marekani kwa watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kupata kisukari. Baadhi yao walipewa vidonge vya metformini, dawa iliyozoeleka hata katika zahanati zetu. Wengine walielekezwa kupunguza chakula cha mafuta, kupunguza kiasi kidogo cha uzito wao na kutembea kwa jumla ya dakika 150 kila wiki. Vidonge vilipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 31. Chakula na mwendo vilipunguza kwa asilimia 58. Na walipotazamwa peke yao wale waliokuwa na umri wa miaka 60 na zaidi, nafuu ya chakula na mwendo ilifika asilimia 71. Wazee ndio waliofaidika zaidi kuliko wote! Utafiti mwingine wa huko huko, uliotangazwa mwaka 2014, ulichukua watu 1,635 wenye umri wa miaka 70 hadi 89 waliokuwa hawajishughulishi. Walioingizwa katika utaratibu wa kutembea na kunyoosha viungo walikuwa wachache zaidi kupoteza uwezo wa kwenda mita 400 kwa miguu yao, kuliko wale waliopewa mafunzo ya afya kwa maneno tu. Mita 400 si jambo dogo kwa mzee. Ndiyo tofauti ya kwenda mwenyewe sokoni na kusubiri kuletewa.

Je, mwendo huo ni mkubwa kiasi gani? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima, mzee akiwamo, apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, ile ambayo mtu huweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Kutoka gati ya boti, kwa kupitia Mtaa wa Samora na viwanja vya Mnazi Mmoja hadi sokoni Kariakoo, ni mwendo wa kiasi cha nusu saa kwa anayetembea taratibu. Safari tano za namna hiyo kwa wiki, basi dakika 150 zimetimia. Kwa waliofika miaka 65 mwongozo huo unaongeza mazoezi ya nguvu na ya kujimudu mwili siku tatu au zaidi kwa wiki, ili wasianguke. Haya nayo hayahitaji mashine. Kuinuka kitini mara kumi bila kujisukuma kwa mikono ni zoezi. Kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta ni zoezi.

(Jina lenyewe la Kariakoo, tukumbushane, latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, watu waliotembezwa na mizigo vichwani hadi maelfu yao wakafa. Historia hiyo hakuna mwenye kuitamani irudi. Lakini ni ajabu ya dunia kwamba mtaa ulioitwa kwa jina la watu waliouawa kwa mwendo, leo wazee wake wanauawa kwa kukaa.)

Tuje kwenye chakula. Mzee wetu wa mjini huamka kwa chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari, pamoja na maandazi mawili au boflo. Saa nne huletewa chai nyingine. Mchana ni wali wa nazi, mwingi, na mchuzi; mboga ya majani huwekwa pembeni kana kwamba ni pambo la sahani. Jioni ni chai tena na chapati. Akija mgeni, huagizwa soda, kwani mgeni hawezi kupewa maji matupu. Vikombe vinne vya chai kwa vijiko vitatu kila kimoja ni vijiko kumi na viwili, kiasi cha gramu 50, nacho ndicho kikomo cha juu kabisa ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwa mtu mzima kwa siku nzima. Na shauri lake hasa ni kwamba nusu ya hapo ni bora. Mzee huyo amekimaliza kikomo chake kwa chai peke yake, kabla ya soda na kabla ya tende. Chumvi nayo isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na mwenye kupenda papa mkavu na ng'onda hana budi kuloweka na kumwaga maji.

Hatumtaki mzee aache wali. Mtu wa visiwani kuambiwa aache wali ni sawa na kuambiwa ahame. Tunachotaka ni kubadili vipimo vya sahani: mchicha, matembele, kisamvu au bamia zichukue nusu yake, samaki, choroko, kunde au mayai zichukue robo, kwa sababu misuli ya mzee yataka chakula cha kujenga mwili kuliko hata ya kijana, na wali au ugali ubaki na robo iliyosalia. Ugali wenyewe uwe wa dona badala ya sembe iliyokobolewa mpaka ikabaki nyeupe kama chokaa. Vyote hivi vipo, tena karibu. Samaki wapo Feri, kutoka vibua hadi changu, na dagaa ambao ni bei ya mnyonge. Mboga na nafaka zipo Kisutu na Kariakoo. Mzee anayeishi Posta au Kariakoo amezungukwa na chakula bora kuliko mtu yeyote mjini, isipokuwa haendi yeye kukichagua.

Wala si chakula cha kigeni tunachokihubiri. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kaskazini mwa nchi yetu na wataalamu wa Moshi pamoja na wenzao wa Uholanzi. Vijana wa kiume 77, wengine wa vijijini na wengine wa mjini, walihusishwa. Wa vijijini waliokula kwa wiki mbili vyakula vya kisasa vya kukaangwa na vilivyokwisha kusindikwa, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani ambao huambatana na maradhi ya moyo na kisukari. Wa mjini waliorudishiwa vyakula vya asili vya mboga, kunde, ndizi na nafaka zisizokobolewa, dalili hizo zilipungua. Walikuwa vijana, na wiki mbili ni muda mfupi. Lakini kama mwili wa kijana huonyesha tofauti kwa wiki mbili za chipsi, mwili wa babu yake usemeje?

Yote haya, mwendo na sahani, madaktari wamekwisha kuyasema mara nyingi. Mzee hutoka kliniki na shauri, akafika nyumbani, akakaa. Kwa nini? Kwa sababu ari haiandikwi kwenye cheti cha dawa. Mtu aliyefanya kazi miaka 35, aliyekuwa akingojwa ofisini, bandarini au skuli, siku ya kustaafu hugundua kwamba hapana tena anayemngoja. Huyo ukimwambia atembee kwa ajili ya kupunguza sukari, atakuuliza moyoni mwake, apunguze kwa ajili gani? Mwiteni mahali ambapo wenzake wanamngoja, ambapo asipofika ataulizwa, na mtaona miguu ambayo jana ilikuwa ikiuma leo imeamka alfajiri.

Njia hii si ngeni kwetu. Mwaka 1973 Tanzania Bara iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, wakisikiliza redio, wakijadiliana, na kisha wakifanya kwa mikono yao kile walichokubaliana: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Maadui wa wakati ule walikuwa malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai", wakati shida ilikuwa ni ukame na njaa. Nguvu ya kampeni zile ilikuwa katika kikundi kuliko katika redio, kwa kuwa jirani alimwona jirani anachimba. Wengi wa wazee wa leo walikuwa vijana wa vikundi vile. Wanaujua utaratibu huo kuliko maofisa wanaotumwa kuwaelimisha.

Viongozi wetu hawakulala. Mwaka 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Zanzibar nako kuna siku ya mazoezi ya viungo kitaifa kila tarehe 1 Januari, na vikundi hutoka kwa maelfu. Tunaunga mkono kwa dhati. Lakini tuseme ukweli: siku moja ya mwezi, sembuse ya mwaka, haiwezi kuulisha mwili kwa siku zilizobaki, na katika misafara ile ya fulana mpya na matarumbeta mzee mwenye fimbo huonekana kwa nadra. Mwendo si wake. Bibi naye huona haya kuruka ruka mbele ya vijana, na ana haki ya kuona haya. Kinachohitajika ni kikundi kidogo cha mtaa, cha wazee wenyewe, wanawake mbali wakipenda, cha kuanzia baada ya swala ya alfajiri kabla jua halijawa kali, kwa mwendo wa aliye dhaifu zaidi. Baada ya mwendo wakae barazani wanywe kahawa chungu. Kashata tunawaomba waigawane moja kwa watatu.

Swali ni watatembea wapi. Katikati ya Posta na Kariakoo vipo viwanja vya Mnazi Mmoja. Wakoloni waliliacha eneo lile wazi ili kuutenga mji wa Waafrika na mji wa Wazungu na Waasia. Uwazi ule uliokuwa wa ubaguzi leo ndio pafu la wananchi wote wa katikati ya jiji. Ni mahali pa kulindwa kama mboni ya jicho. Lakini kufika hapo ndiko kwenye taabu. Njia za miguu kuanzia Mtaa wa Msimbazi hadi Mtaa wa Uhuru zimejaa meza za bidhaa, pikipiki na magari yaliyoegeshwa, na mzee hulazimika kushuka barabarani kushindana na bodaboda. Hatutaki wachuuzi wafukuzwe. Wengi wao ndio wanaowalisha wazee hao hao, na wengi ni ndugu zetu wa Pemba. Twataka waachiwe mahali pao, na mtembea kwa miguu aachiwe pake, upana wa watu wawili kupishana, mmoja akiwa na fimbo. Mstari wa rangi na askari wa jiji mwenye adabu vingeanza kazi hiyo.

Hospitali nazo zina sehemu yao. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee wa miaka 60 anatambuliwa, na madirisha ya wazee yamefunguliwa katika vituo vingi. Zanzibar, kwa upande wake, ilianza Aprili 2016 kuwalipa pensheni jamii wote waliofika miaka 70, hatua ambayo nchi nyingi zenye uwezo kuliko sisi hazijaithubutu. Basi dirisha hilo lisitoe vidonge peke yake. Muuguzi amwulize mzee anatembea na nani, na kama hana mtu, amwandikie jina la kikundi cha mtaa wake. Sheha Unguja na Pemba, na mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa Dar es Salaam, wanawajua wazee wao kwa majina. Orodha hiyo haihitaji mtaalamu kutoka nje.

Wazee wenyewe wazingatie machache. Mwenye kutumia insulini au vidonge vya kisukari asitoke na tumbo tupu, na awe na kitu kitamu mfukoni, kwa kuwa sukari ikishuka ghafla ni hatari kuliko kupanda. Mwenye ganzi ya miguu avae viatu vilivyofunika vidole na aikague miguu yake kila jioni. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, asimame, na aende hospitali siku ile ile. Na mwezi wa Ramadhani usipojapo, mgonjwa amwone daktari kabla ya kuamua kufunga, na futari isiwe ndiyo fidia ya mchana wote kwa tambi, kalimati na visheti juu ya muhogo wa nazi.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Tutayasubiri makisio ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2021 ndiyo yenye dhamana ya Wilaya ya Ilala, tuone madiwani wa Kivukoni, Kisutu, Mchafukoge, Gerezani na Kariakoo wametenga kiasi gani kwa njia ya miguu kutoka gatini hadi Mnazi Mmoja, pamoja na taa zake na mabenchi ya kupumzikia njiani. Na tutayatazama kwa jicho lile lile makisio ya mabaraza ya Unguja na Pemba.